Tajiri Aliyekaa Dunguni

Wanangu, mtoto wa Ozi, kwenye delta ya Mto Tana, aliyewahi kuamia ndege shambani ana elimu ambayo tajiri mmoja wa Marekani aliitafuta kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi. Nitawasimulia habari za tajiri huyo, lakini kwanza tuliangalie dungu.

Mpunga unapoanza kutia maziwa, nani hupelekwa shambani kabla jua halijachomoza? Ni nyinyi. Mnapanda dunguni na kombeo mkononi, au na debe la kugonga, mnakaa kimya mkisikiliza. Hakuna aliyewafundisha darasani kwamba kundi la ndege wadogo hugeuka lote kwa pamoja kabla ya kutua, lakini mnalijua. Mnajua yangeyange wataandamana na ng'ombe gani, na furukombe hupenda kukaa juu ya mti upi akiutazama mto. Mnajua mamba anapoota jua maji yakipungua, na mnajua njia ambayo kiboko hupita usiku akienda kula, ndiyo maana hamkatizi hapo gizani. Mtu wa mjini akiletwa Ozi leo na kamera ya thamani ya nyumba, atazunguka siku nzima na kurudi na picha ya majani. Kitu anachokikosa mnacho nyinyi.

Sasa tajiri wetu. Jina lake Edgar Monsanto Queeny. Alizaliwa mwaka 1897, akakulia St. Louis, mji ulio kando ya mto mkubwa wa Mississippi. Alipokuwa bado mtoto mdogo, mwaka 1901, baba yake alifungua kiwanda kidogo cha kemikali na kukipa jina la ukoo wa mkewe, Monsanto. Bidhaa yao ya kwanza ilikuwa sakarini, ile sukari bandia isiyotokana na muwa. Mwaka 1928 mwana akashika usukani, akiwa na miaka kama 30 tu. Chini ya uongozi wake kiwanda kikawa kampuni kubwa, yenye viwanda vingi na wafanyakazi maelfu. Huyo ndiye Edgar Queeny ambaye magazeti ya biashara yalimjua.

Lakini msimu wa baridi ulipofika, mtu huyu aliondoka ofisini akaenda kusini, katika jimbo la Arkansas, karibu na mji mdogo uitwao Stuttgart. Na huko kuna nini? Kuna mpunga! Naam, mashamba ya mpunga, misitu inayofurika maji, mito inayokwenda polepole na udongo mzito unaonata miguuni. Mkichukuliwa mkapelekwa huko mkiwa mmefumba macho, pua zenu zitawaambia mko karibu na nyumbani. Na penye maji na mpunga, ndege hawakosi. Bata mwitu huondoka Kanada, nchi ya barafu, wakaruka maelfu ya kilomita kuja kula punje zilizobaki mashambani baada ya mavuno. Mnaona jambo kama hilo hapa hapa kwenu: wale ndege wenye miguu mirefu na midomo myembamba, wanaojaa kwenye matope ya mlango wa Mto Tana kuanzia Agosti na Septemba, wengi wao wametoka Ulaya na Asia ya kaskazini, na mvua za masika zikikaribia huanza kurudi.

Queeny alinunua mahali huko, akapaita Wingmead. Alizuia maji akapata ziwa kubwa la maelfu ya eka la kumwagilia mpunga, na bata wakalikubali ziwa hilo. Niseme wazi kwamba mwanzo alikwenda huko na bunduki. Alikuwa mwindaji, na hakuacha kuwinda. Ila kuna jambo lilimsumbua. Bata akipaa, mabawa yake huwa kitu cha ukungu tu machoni mwetu. Yanakwendaje? Unyoya upi unasukuma hewa, na upi unaipisha? Bunduki haiwezi kujibu swali hilo, kwa sababu bata aliyekufa hapigi bawa. Kwa hiyo Queeny akashika kamera.

Hebu tulielewe tatizo lake. Bata mwitu akiruka hupiga mabawa kama mara 10 kwa sekunde moja. Kamera inafanya kazi kwa kufungua tundu na kuuacha mwanga uingie, kisha kulifunga. Tundu likikaa wazi muda mrefu, bawa linasogea huku picha inapigwa, nanyi mnapata ukungu uleule. Dawa yake ni kulifungua kwa muda mfupi mno, yaani kuikata sekunde moja vipande 1,000 na kutumia kipande kimoja tu. Lakini ukilifungua muda mfupi hivyo, mwanga unaoingia ni kidogo, na filamu za miaka ya 1940 zilihitaji mwanga mwingi. Asubuhi ya mawingu picha ilitoka nyeusi. Tena filamu ile hukuweza kuiona papo hapo kama mnavyoona picha kwenye simu. Ilibidi isafishwe kwanza, ndipo mtu ajue kama siku yake imepotea au la.

Na bata wenyewe hawamwachi mtu asogee. Macho yao yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo wanaona mbele, kando na karibu nyuma yote bila kugeuka. Mkono ukitikisika tu, kundi zima limekwisha kuondoka. Basi tajiri mwenye meza kubwa mjini na makatibu wa kumpokelea simu akawa hana budi kujificha ndani ya matete, miguu ndani ya maji baridi, akae kimya. Alijijengea dungu lake, wanangu, ingawa hakuliita hivyo. Tofauti ni kwamba nyinyi mnakaa dunguni ili ndege waondoke, na yeye alikaa ili waje. Kazi ya macho na masikio ni ileile.

Mwaka 1946 akatoa kitabu kiitwacho Prairie Wings. Ndani yake mna picha za bata wakiwa angani katika kila hali: wakipaa wima kutoka majini, wakipinda, wakishuka na miguu mbele kabla ya kutua. Mchoraji Richard Bishop alichora kwa kufuata picha hizo ili msomaji aone mpangilio wa manyoya vizuri zaidi. Hapo watu wakaona mambo ambayo wawindaji wa miaka mingi hawakuwa wameyaona. Bawa likishuka, manyoya makubwa ya nchani hubanana na kuisukuma hewa. Likipanda, manyoya yaleyale hujipinda na kuachana ili hewa ipite katikati, kama mbao za dirisha zinavyofunguliwa kupitisha upepo. Ndiyo maana bata halemewi na bawa lake mwenyewe analoliinua. Elimu hii haikutoka kwenye maabara ya kampuni yake. Ilitoka matopeni.

Nampendea hapo. Mwenye mali kama yeye angeweza kununua picha za watu wengine akazitundika ukutani. Yeye alitaka kujua, akakubali kulowa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hamu yake ikamleta huku kwetu, Afrika Mashariki. Hakuwa wa kwanza kuja na kamera. Mjerumani Carl Georg Schillings alikwisha kupiga picha za simba usiku katika nchi za Kilimanjaro kwa kuwasha unga uliotoa mmweko mkali, na kitabu chake kilitoka mwaka 1905. Mwaka 1926 akaja Kenya tajiri mwingine, George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak iliyotengeneza kamera na filamu zenyewe. Wengi wa wageni hao walimtaka simba, tembo na kifaru. Queeny aliwapiga picha wanyama wakubwa pia, na kwa ajili ya jumba la makumbusho ya viumbe la New York alitengeneza filamu juu ya watu, zikiwamo moja kuhusu Walatuko wa Sudan ya kusini na nyingine kuhusu Wakamba wa Kenya, iliyotoka mwaka 1955. Lakini kiumbe mmoja aliyemvutia sana, hata mwaka 1952 akamwandikia makala katika jarida la Natural History, hakuwa mkubwa hata kidogo. Alikuwa mlembe.

Mlembe mnamjua? Waulizeni wazee waliowahi kurina asali porini. Ni ndege wa rangi ya majivu na kahawia, hana urembo wa kumfanya mtu ageuke. Chakula chake ni nta ya nyuki na mabuu yao. Tatizo lake ni kwamba mzinga uko ndani ya shina la mti, na nyuki ni wakali. Binadamu ana shoka na moshi, ila hajui mzinga uko wapi. Basi ndege anamfuata mtu, anamlilia, anaruka mti hadi mti akimsubiri, mpaka wanafika. Mtu anatoa asali, ndege anabakishiwa masega. Tunasema fuata nyuki ule asali. Mlembe humpunguzia mtu ile safari ya kuwafuata.

Habari zake ni za zamani sana kwenye pwani yetu. Katika karne ya 16, mtawa Mreno João dos Santos aliyekaa Sofala, pwani ya Msumbiji, aliona ndege wadogo wakiingia kanisani mwake na kudonoa nta ya mishumaa. Akaandika pia kwamba ndege hao huwapeleka watu kwenye nyuki. Wasomi wengi wa mbali waliosoma habari kama hizo walizidhania ngano. Mkenya mmoja, mwanasayansi Hussein Isack, ndiye aliyelimaliza jambo hilo kwa hesabu. Yeye na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer waliandamana na warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya kwa miaka 3, wakapima. Katika nchi wasiyoizoea, warinaji walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga bila ndege, na saa 3.2 walipoongozwa naye. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1989 katika jarida la Science. Mwaka 2016 utafiti mwingine ulitoka Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, ambako Wayao humwita mlembe kwa mlio waliourithi kwa baba zao. Mtu akitembea akitoa mlio huo, nafasi ya kuonyeshwa mzinga ilikuwa asilimia 54. Akitoa sauti nyingine, asilimia 16 tu.

Sasa fikirini. Queeny alikuja na kamera nzuri kuliko za watu wengi wa wakati wake. Je, kamera hiyo ingemwita mlembe? Ndege yule haji kwa sababu ya kioo na filamu. Huja kwa mtu anayejua kumwita, kumfuata bila kumtisha, kusoma mkia wake anapoutandaza na kuonyesha manyoya meupe ya pembeni. Waliojua hayo walikuwa Wandorobo, watu wa porini, waliokuwa wakila asali ya ndege huyo vizazi na vizazi. Tajiri alikwenda nyuma yao, na hakuwaficha: kichwa cha makala yake kiliwataja Wandorobo kwanza, ndipo mlembe. Kila nikiona picha nzuri ya mnyama wa Afrika nauliza ni mtu gani wa kijijini aliyesema, "Kaa hapa, atapita hapa." Mara nyingi jina lake halimo. Nataka siku moja liwemo, na liwe la mtu wa Ozi.

Kuna upande mwingine wa habari za tajiri huyu, nami sitawaficha, kwani mtoto akisimuliwa nusu amedanganywa. Mwaka 1944, yeye akiwa mkuu, kampuni ya Monsanto ilianza kutengeneza DDT, dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo iliokoa watu wengi kwa kuua mbu wa malaria na chawa wa homa. Lakini ilipomwagwa mashambani kwa wingi ilikwenda na maji mpaka mtoni, ikaingia kwa samaki wadogo, wakaliwa na wakubwa, na hao wakaliwa na ndege. Kila hatua sumu ilizidi kulimbikizana. Tai na mwari wa Marekani wakaanza kutaga mayai yenye maganda membamba, mama akiyalalia yanapasuka. Mwaka 1962 mwanamke mmoja mwanasayansi, Rachel Carson, aliandika kitabu cha kuwaonya watu, na mwaka huohuo kampuni ya Monsanto ikachapisha andiko la kumpinga. Wakati huo Queeny alikwisha kuacha uenyekiti. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwaka 1972, miaka 4 baada ya yeye kufariki.

Aliwapenda ndege? Naamini aliwapenda. Mtu hakai kwenye maji ya baridi miaka yote hiyo kwa kujifanya. Lakini alimpenda ndege aliye mbele ya kamera, na hakuutazama mto uliotoka kiwandani hadi kwenye kiota. Ni lazima tumwambie hivyo hata kama picha zake ni nzuri.

Na sisi tuna mto wetu wa kuutazama. Mto Tana unashuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, na juu huko umejengewa mabwawa 5 ya umeme, tangu Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988. Maji ya mto yakipungua nguvu, bahari hupata njia ya kupanda. Nyinyi mnaijua chumvi hiyo kuliko mimi: Ozi, Kau na Kilelengwani mpunga umekauka kwa sababu yake, na miembe ya mababu imekufa imesimama. Mwaka 2012 delta ya Tana iliingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhi zenye maji zinazothaminiwa na dunia nzima. Ni heshima kubwa. Lakini orodha haina macho. Haiwezi kusema ni mwaka gani yangeyange waliacha kulala kwenye mti fulani, wala maji chumvi yalifika mpaka wapi mwezi uliopita. Picha yenye tarehe inaweza kusema. Picha 2 za mwembe mmoja, ya leo na ya miaka 5 ijayo, zikipelekwa mbele ya wakubwa wanaogawa maji, ni vigumu kuzibishia.

Kwa hiyo nasema nanyi sasa kama ninavyosema na wapiga picha, maana ndivyo mlivyo. Nyumba nyingi zina simu yenye kamera. Ombeni, msichukue kwa siri. Pigeni asubuhi mapema au jioni, jua likiwa mgongoni kwenu, kwa sababu jua la saa sita huufanya mto kuwa bati na ndege kuwa doa jeusi. Simu haioni mbali, basi msimkimbilie ndege. Jueni anapotua, mtangulie, mkae kimya, mumwache yeye ndiye asogee. Kwenye viota vya pamoja, pale korongo na yangeyange wanapotagia kwa wingi, msikaribie kabisa. Wazazi wakiruka kwa hofu, mayai hubaki juani, na kunguru na mwewe hawachelewi. Hakuna picha inayolipia kiota kimoja.

Kiboko na mamba wapigeni mkiwa mbali, pamoja na mtu mzima, na kamwe msisimame kati ya kiboko na maji. Kiboko anayeonekana amelala hajalala. Hilo silirudii, wazazi wenu wamelisema mara nyingi.

Kila picha iandikieni mambo matatu: siku, mahali, na mnyama alikuwa akifanya nini. Msipomjua jina, mwandikeni kwa Kipokomo kama bibi anavyomwita. Jina hilo nalo ni elimu. Kuna mradi uitwao Kenya Bird Map, ambamo Wakenya wa kawaida hupeleka orodha za ndege waliowaona, mahali kwa mahali, ili nchi ijue nani anaishi wapi. Mwalimu wenu anaweza kuwafungulia njia. Anzeni na shamba la nyumbani, msimu huu wa kuamia, mkiwa juu ya dungu: kombeo mkono mmoja, simu mkono wa pili, na daftari liwe karibu. Kabla hamjawafukuza, wapigeni picha.